Msafara wa Cleopatra

Jioni ya leo mazungumzo yetu ni juu ya filamu moja tu, tena ya zamani. Ni Cleopatra ya mwaka 1963, ambayo Elizabeth Taylor ndiye malkia wa Misri, Rex Harrison ndiye Julius Caesar na Richard Burton ndiye Mark Antony. Ukiitazama kamili inakula saa nne na dakika tatu. Ndani yake utaona bandari nzima ya Alexandria iliyojengwa ufukweni mwa Italia, utaona Roma iliyojengwa upya kiwanjani, meli za vita zikiungua baharini, na malkia anayebadilisha mavazi mara 65. Hadi leo, watu wa filamu wakianza kuzungumzia gharama, jina hili halichelewi kutajwa.

Nimeirudia filamu hii kwa miaka mingi na naipenda. Lakini kila nikiirudia nazidi kuamini kwamba fedha zile zote zilimjengea Cleopatra nyumba, kisha zikamwacha mwenyewe nje. Naomba nieleze kwa nini nasema hivyo.

Kwanza tumalizane na fedha. Kampuni ya 20th Century-Fox ilianza na makadirio ya dola milioni 2. Taylor peke yake aliahidiwa dola milioni 1. Kazi ikaanza Septemba 1960 kwenye studio za Pinewood, karibu na London. Fikiria mwenyewe: Misri, nchi ya jua kali, inajengwa Uingereza wakati wa baridi inayokaribia. Mvua ikanyesha, ukungu ukatanda, na waigizaji waliovaa nguo nyepesi za Kimisri wakawa wanatoa mvuke mdomoni mbele ya kamera. Taylor akaugua nimonia, na mwezi Machi 1961 madaktari wakalazimika kumtoboa koo ili apate kupumua. Wakati huo mwongozaji wa kwanza, Rouben Mamoulian, alikwisha kuacha kazi. Akaletwa Joseph L. Mankiewicz. Waigizaji wa kwanza waliopangiwa kuwa Caesar na Antony nao wakaenda zao. Dola milioni kadhaa zilikuwa zimeteketea, na kilichopatikana ni dakika chache za picha ambazo hazikutumika. Yote yakaanza upya Septemba 1961, safari hii Roma, kwenye studio za Cinecittà.

Mapenzi ya Taylor na Burton, wote wawili wakiwa na ndoa zao, yalifuata huko huko. Magazeti ya wakati ule yaliyasema hadi yakayamaliza, mimi siyarudii. Hesabu zilipofungwa, gharama ilikuwa imepita dola milioni 40. Kampuni ilikuwa imekwisha kuuza sehemu kubwa ya ardhi ya studio yake ya Los Angeles, pale panapoitwa leo Century City. Filamu ilipotoka, Juni 1963, ndiyo iliyoongoza kwa mapato Marekani mwaka ule, na bado ikawa katika hasara. Ilipumua mwaka 1966 tu, televisheni ya ABC ilipolipa dola milioni 5 ili kupata haki ya kuionyesha.

Sasa twende kwenye filamu yenyewe, kwenye tukio ambalo hata asiyeiona nzima huwa ameliona. Cleopatra anaingia Roma.

Caesar amekaa na maseneta wake, watu wamejaa hadi juu ya kuta. Wanaanza kuingia wapiga tarumbeta juu ya farasi. Yanafuata magari ya kukokotwa, kisha wapiga upinde wanaorusha mishale yenye mikia ya utepe, hewa yote ikawa mistari ya rangi. Moshi wa rangi unafuka, wacheza ngoma wanaruka ndani yake. Piramidi inafunguka na ndege wanatoka. Halafu kelele zinapungua, na kupitia tao la mawe inachomoza Sfinksi nyeusi, ndefu kama jengo, ikikokotwa na mamia ya watumwa wanaovuta kwa pamoja. Katikati ya miguu yake ya mbele amekaa mwanamke na mtoto, wote wawili wamefunikwa dhahabu. Wanateremshwa ngazi kwa ngazi bila kutikisika. Anafika mbele ya Caesar, anainama mbele ya Roma yote. Akiinuka, anamkonyeza. Jicho moja tu, haraka, mke kwa mume.

Siwezi kuelezea uzuri wa tukio hili bila kusema kwamba kila unachokiona kilikuwepo. Mwaka ule hapakuwa na kompyuta ya kuongezea watu. Kila kofia ilishonwa, kila kiatu kilikatwa, kila mtu aliyepiga kelele alikuwa mtu aliyeamka alfajiri akaja kuvikwa nguo. Ridley Scott alipotengeneza Gladiator, iliyotoka mwaka 2000, uwanja wa Colosseum ulijengwa kipande tu kule Malta, kilichobaki kikamaliziwa kwa kompyuta. Naiheshimu Gladiator, lakini jicho linajua tofauti. Ukitazama umati wa Cinecittà unahisi joto la watu. Tuzo nne za Oscar ambazo Cleopatra ilipata, za upigaji picha, za mandhari, za maleba na za picha maalumu, zilikwenda kwa mafundi, na walistahili.

Lakini msafara ule wenyewe haumo katika historia. Cleopatra alikwenda Roma kweli, mwaka 46 kabla ya Kristo, na Caesar akamweka kwenye nyumba yake ng'ambo ya mto Tiber. Hatuna mwandishi wa kale anayesema aliingia na Sfinksi. Hilo peke yake si kosa kubwa, filamu ina ruhusa ya kubuni. Linaloniuma ni kitu ambacho ubuni ule ulichagua kuonyesha. Waafrika weusi katika msafara ule wanacheza na kutoka jasho. Wanapita, wanakwisha. Misri yenyewe, nchi ya wakulima na makarani na manahodha, inaingia Roma ikiwa pambo. Na malkia, ambaye sifa yake kubwa kwa waliomjua ilikuwa ulimi wake, anaingia akiwa kimya.

Maana Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyeandika miaka kama 100 na zaidi baada ya kifo cha Cleopatra, anatuambia wazi kwamba uzuri wa sura yake haukuwa wa kumshangaza mtu. Kilichowanasa watu kilikuwa mazungumzo yake na sauti yake. Anasema aliongea na Waethiopia, na watu wa pwani ya Bahari ya Sham, na Waebrania, Waarabu, Washamu, Wamedi na Waparthi, mara nyingi bila mkalimani, wakati wafalme waliomtangulia katika ukoo wake hawakujisumbua hata kujifunza Kimisri. Ukoo ule ulikuwa wa Kimakedonia, ulikuwa umetawala Misri karibu miaka 300, na huyu binti wa mwisho ndiye aliyeona haja ya kuzungumza na watu wake kwa lugha yao. Mtu anayetoka pwani yetu, aliyezoea kusikia lugha tatu kwenye duka moja, anaelewa mara moja hiyo ni nguvu ya namna gani.

Kuna kipande cha mafunjo Berlin, cha mwaka 33 kabla ya Kristo. Ni hati ya serikali. Inampa Mrumi mmoja, anayedhaniwa kuwa jemadari wa Antony, ruhusa ya kutoa Misri artaba 10,000 za ngano (artaba ni kipimo cha nafaka cha zama zile) kila mwaka na kuingiza mitungi 5,000 ya mvinyo wa kisiwa cha Kos bila kulipa ushuru. Chini ya hati, kwa mwandiko tofauti na ule wa karani, pameongezwa idhini, na wapo wataalamu wanaoamini kuwa mwandiko huo ni wa Cleopatra mwenyewe. Miaka michache kabla ya hapo Nile ilikuwa imegoma kufurika, nchi ikapata njaa, na yeye akalazimika kugawa nafaka ya ghalani. Huyo ndiye malkia ninayemtaka: amekaa na makarani, anahesabu magunia, anajua kila ushuru anaousamehe ni bei ya kumweka Mrumi upande wake. Vita ya Actium, ambako yeye na Antony walishindwa na Octavian wa Roma, ilikuwa miaka miwili mbele. Hebu mpe Elizabeth Taylor tukio hilo, meza moja na taa moja, uone kama usingeshika pumzi.

Na Mankiewicz angeliweza. Huyu alikuwa mtu wa maneno. Alikuwa amekwisha kupata Oscar nne kwa miaka miwili mfululizo, ya uandishi na ya uongozaji kila mwaka, kwa filamu ambazo watu wanakaa chumbani wanazungumza. Kwenye Cleopatra alikuwa akipiga picha mchana na kuandika usiku, matukio ya kesho yakiandikwa leo. Ndiyo maana filamu inapumua vizuri zaidi ndani ya vyumba. Mtazame Rex Harrison kama Caesar, mtu wa makamo aliyechoka, anavyobishana na msichana wa miaka 21 aliyeletwa kwake amefungwa ndani ya zulia. Hapo hapana dhahabu nyingi, na ndipo historia inapokuwa hai. Mankiewicz alitaka ziwe filamu mbili, kila moja ya saa tatu: moja ya Caesar, nyingine ya Antony. Kampuni ikakataa, kwa sababu dunia ilikuwa inasubiri kumwona Burton na Taylor pamoja. Kilichokatwa ni maneno. Misafara ikabaki.

Mwaka huo huo wa 1963, msikilizaji, kuna Caesar mwingine alitokea, na huyu hakugharimu hata meli moja. Mwalimu Julius Nyerere, akiwa rais wa Tanganyika, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Mwaka 1969 akaitoa tena baada ya kuipitia upya, kwa jina la Juliasi Kaizari. Wengi wetu tulimjua Caesar kupitia kitabu kile, darasani, mwenzetu mmoja akisimama kuwa Brutus na mwingine Antonio, bila joho, bila upanga. Na umati wa Roma tuliusikia vizuri kabisa. Nalitaja hilo kwa sababu linaonyesha zama za kale zinaweza kufikiwa kwa njia ya maneno, na mtu aliyekwisha kuipitia njia hiyo huitazama filamu ya Fox kwa macho makali zaidi.

Sasa nimtaje mtu ambaye kwa hakika ndiye aliyenifanya nikae kwenye kipaza sauti leo. Anaitwa Shadi Abdel Salam. Alizaliwa Alexandria, mji wa Cleopatra, mwaka 1930, akasomea usanifu wa majengo, kisha akawa mbunifu wa mandhari na maleba kwenye filamu za Kimisri. Alifanya kazi kwenye Saladin ya Youssef Chahine, iliyotoka mwaka huo huo wa 1963. Cleopatra nayo ilipohitaji Mmisri anayejua, alishiriki kwenye kazi ya mapambo yake. Baadaye Wapoland wakamwita kwenye filamu yao, Farao, ya Jerzy Kawalerowicz, ya mwaka 1966. Kwa hiyo huyu bwana aliiona Misri ya kale ikijengwa na watu wa nje, kwa fedha za nje, na akajua kila msumari ulipopigwa.

Kisha akatengeneza ya kwake. Inaitwa Al-Mummia, ya mwaka 1969. Roberto Rossellini, mwongozaji wa Kiitaliano, alimtetea mpaka serikali ya Misri ikakubali kuigharimia. Filamu yenyewe inasimulia mambo ya mwaka 1881, lakini msikilizaji, sijaona filamu iliyonipeleka kwa Mafarao kwa ukaribu kama hii. Kisa chake ni cha kweli. Familia moja ya kijiji cha Qurna, karibu na Luxor, iligundua shimo katika mlima wa Deir el-Bahari ambamo makuhani wa kale walikuwa wameficha miili ya wafalme: Seti wa Kwanza, Ramesses wa Pili, Thutmose wa Tatu na wengine wengi. Kwa miaka wakawa wanauza hirizi na vito, kimoja kimoja, kwa walanguzi.

Katika filamu, mzee wa kabila amefariki. Siku ya mazishi wanawe wawili wanaingizwa mlimani na wazee wao ili waonyeshwe siri ya kabila. Wanamulikiwa jeneza. Mzee anavunja, anakata, anatoa kito cha dhahabu kilichochorwa jicho. Vijana wanatazama. Hapo ndipo wanapojua chakula walichokula tangu utoto kilitoka wapi. Hakuna muziki wa tarumbeta, hakuna mtu anayepaza sauti. Kaka mkubwa anakataa kuendelea na biashara ile, anauawa. Mdogo, Wanis, anabaki na uamuzi: awasaliti ndugu zake kwa maofisa wa kutoka Kairo, au aendelee kuwasaliti wafu.

Mwisho wa filamu kuna msafara, na nakuomba uutazame siku moja baada ya ule wa Cinecittà. Wafalme wanatolewa mlimani kabla hapajapambazuka, jeneza baada ya jeneza, mabegani mwa wanaume waliovaa kanzu, wakielekea mtoni ambako mashua ya moshi inasubiri. Watu wa milimani wamesimama mbali wanatazama, hawajui kama waue au walie. Mwaka 1881, wafalme wale walipopitishwa kwenye Nile, wanawake walitoka kingoni mwa mto wakapiga yowe la msiba kama wamefiwa na wa kwao. Aprili 2021 baadhi ya wafalme hao hao walipitishwa tena katika barabara za Kairo kwa magari yaliyopambwa, wakihamishiwa jumba jipya la makumbusho, na dunia nzima ikatazama kwenye televisheni. Lakini ule msafara wa Abdel Salam wa majeneza mabegani unanishinda hadi leo, kwa sababu kila anayebeba ana sababu ya kubeba.

Baada ya Al-Mummia alitaka kutengeneza filamu kubwa hasa, juu ya Farao Akhenaten, yule aliyeacha miungu ya mababu akaabudu jua. Alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Alichora kila vazi, kila kiti, kila nguzo. Fedha hazikupatikana, na mwaka 1986 akafa bila kupiga picha hata moja ya filamu ile. Michoro yake sasa imetundikwa kwenye maktaba mpya ya Alexandria. Ninapofikiria mamilioni ya dola yaliyoyeyuka Pinewood kwa ajili ya picha ambazo hakuna aliyeziona, na huyu bwana akichora Misri yake kwa penseli, nakasirika, na sioni sababu ya kuficha hasira hiyo.

Linalonifanya nizungumze haya nikiwa huku pwani ni sura moja ambayo filamu zote za Cleopatra zimeipita mbio. Baada ya kushindwa Actium, mwaka 31 kabla ya Kristo, malkia hakukaa akimsubiri yule nyoka anayesimuliwa kuwa ndiye aliyemuua. Plutarch anasimulia kwamba alianza kuvusha meli nchi kavu hadi Bahari ya Sham, akiwa na mpango wa kukimbilia mbali na Roma, na Waarabu wa Petra wakazichoma zile za kwanza. Mwanawe Caesarion, mtoto aliyezaa na Caesar, sasa kijana wa miaka kama 17, alimtuma na mali nyingi ashike njia ya Ethiopia kwenda India. Kijana akarubuniwa arudi, na Octavian akamuua. Maana yake ni kwamba malkia huyu, katika siku zake za mwisho, alielekeza macho kusini na mashariki, kwenye bahari hii yetu. Aliijua lugha ya watu wa mwambao ule. Huenda alijua pia upepo unapeleka wapi.

Na Waarabu walimkumbuka kwa namna tofauti kabisa na Warumi. Al-Masudi, msafiri na mwanahistoria wa karne ya 10, alimwandika kuwa mwanamke mwenye hekima, mwanafalsafa, rafiki wa wanazuoni. Ni al-Masudi huyu huyu aliyesafiri kwa jahazi hadi Qanbalu, mahali ambapo wanahistoria wengi wanapahusisha na Pemba, na kurudi Oman karibu mwaka 916. Mtu ambaye huenda alikanyaga visiwa vyetu alikuwa na picha ya Cleopatra iliyo bora kuliko ile ya Hollywood miaka 1,000 baadaye.

Miaka chini ya 100 baada ya kifo cha malkia, nahodha au mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki alitunga kitabu cha safari, kinachojulikana kama Periplus. Anashuka Bahari ya Sham, anazunguka Pembe ya Afrika, anafika pwani anayoiita Azania, na soko la mwisho kabisa linaitwa Rhapta, ambalo wataalamu wengi wanaliweka Tanzania ya leo. Anataja mashua za kushonwa kwa kamba, kama mitepe iliyokuwa ikiundwa Lamu hadi karne iliyopita. Anataja pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa vilivyonunuliwa, na mikuki, mashoka na vitu vya kioo vilivyoletwa. Anataja manahodha wa Kiarabu waliooa huku na kujua lugha ya wenyeji. Sura za pwani yetu ni kurasa chache tu, hazimalizi jioni moja kuzisoma, na sijaona mtu aliyewahi kuziweka kwenye filamu. Mwandishi kijana unayenisikiliza, uliyeko Bagamoyo, Mombasa au Unguja, usianze na Sfinksi. Anza na binti wa Rhapta aliyeolewa na nahodha mgeni, siku meli inaposhusha mikuki na mumewe anabishana juu ya bei kwa lugha aliyofundishwa na mkewe.